Tyubu Moja Haitibu Kila Ngozi

Katika maduka mengi ya dawa nchini, mzazi anayesema kwamba mtoto wake "ana vipele" huondoka na tyubu moja iliyobeba dawa 3: betamethasoni, ambayo ni steroidi ya kutuliza mwasho, klotrimazoli ya kuua fangasi, na gentamisini ya kuua bakteria. Hoja ya kuitoa ni nyepesi: kwa kuwa ugonjwa haujajulikana, mojawapo ya dawa hizo itaupata. Maoni yangu ni kwamba hoja hiyo inadhuru. Kiuavijasumu cha kupaka ni tiba nzuri ya maradhi machache yanayotambulika kwa macho. Kikitumiwa kuziba pengo la kutojua, humuumiza anayepaka na hata asiyepaka.

Tuitazame Shighatini, kwenye Milima ya Pare Kaskazini. Mtoto wa shule ana vidonda vitatu kando ya pua na mdomo, vimefunikwa na magamba ya rangi ya asali, lakini hana homa na anacheza kama kawaida. Huo ni impetigo, maambukizi yanayoletwa na bakteria aina ya stafilokokasi au streptokokasi. Hapa ndipo dawa ya kupaka inapofaa. Vidonda vioshwe kwa maji safi na sabuni, magamba yalainishwe na kuondolewa taratibu, kisha ipakwe mupirosini kwa tabaka jembamba, mara 2 au 3 kwa siku, kwa siku 5 hadi 7. Anayepaka anawe mikono kabla na baada. Kucha za mtoto zikatwe, taulo lake liwe la peke yake, na tyubu isiazimwe kwa jirani. Kama siku 3 zimepita bila nafuu, asiongezewe dawa ileile, bali apelekwe akachunguzwe upya.

Lakini ngozi ina maradhi mengi yanayofanana. Vipele vinavyowasha zaidi usiku, katikati ya vidole na viunoni, mara nyingi ni upele, na usaha unaoonekana juu yake umetokana na kujikuna. Kiuavijasumu kitakausha usaha, ila vijidudu vya upele vitabaki mpaka watu wote wa nyumba watibiwe siku moja. Mashilingi ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza, kwa sababu krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele. Jipu lililoiva huhitaji kupasuliwa na mhudumu ili usaha utoke. Na choa ikipakwa steroidi, mwasho hupungua na wekundu hufifia, huku fangasi wakiendelea kutambaa chini ya ngozi iliyonyamazishwa. Mgonjwa anapofika kwa tabibu baada ya miezi kadhaa, sura ya ugonjwa imepotea na ngozi imekonda.

Wapo watakaosema kwamba kupaka si kumeza, basi madhara ni madogo. Nyuzilandi ilikwishapita njia hii. Kuanzia mwaka 1991 mupirosini iliuzwa huko bila cheti cha daktari. Usugu wa stafilokokasi ukapanda, na mwaka 2000 dawa hiyo ikarudishwa kwenye orodha ya dawa za cheti. Matumizi yakahamia kwenye asidi ya fusidiki, nayo ikapakwa kupita kiasi, na usugu dhidi yake ukafuata. Sisi tuna sababu kubwa zaidi ya kuogopa. Gentamisini iliyomo katika tyubu ile ndiyo hiyohiyo tunayoidunga pamoja na ampisilini kumwokoa kichanga mwenye maambukizi ya damu. Kila inapopakwa bila sababu, bakteria walio juu ya ngozi hupata nafasi ya kujenga usugu, na bakteria hupeana vinasaba vya usugu wao kwa wao.

Najua upande wa pili wa jambo hili. Kutoka vijiji vya milimani hadi hospitali ni nauli na siku nzima ya kazi iliyopotea, na huenda mtu akafika akaambiwa dawa imekwisha. Kumlaumu mama aliyekwenda dukani hakusaidii. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, ulisimama juu ya wazo kwamba muuzaji aliyefunzwa ni mlango wa huduma kijijini. Basi mlango huo upewe maswali ya kuuliza kabla ya kutoa tyubu: "Mama, vilianza lini? Vinawasha usiku? Nyumbani nani mwingine anajikuna? Umeshapaka nini?" Maswali hayo huchukua dakika 2, na mara nyingi hutosha kutenganisha upele na impetigo.

Kwa wahudumu wa zahanati na vituo vya afya, naomba mambo 3. Kwanza, andikeni jina la ugonjwa kabla ya jina la dawa. Pili, msitoe krimu ya mchanganyiko wa steroidi kwa ugonjwa msioutambua, ombeni ushauri. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafunza matabibu tangu miaka ya 1990. Tatu, marhamu ya mupirosini yenye polietilini glaikoli isipakwe kwenye vidonda vikubwa vilivyo wazi, hasa kwa mwenye ugonjwa wa figo.

Kwa wazazi, zipo dalili zisizosubiri tyubu yoyote: homa, wekundu unaosambaa haraka, uvimbe wenye maumivu makali, vidonda vilivyoenea mwili mzima, kidonda karibu na jicho, au maambukizi ya ngozi kwa mtoto mchanga. Na endapo wiki chache baada ya vidonda kupona uso wa mtoto unavimba na mkojo unakuwa na rangi ya chai, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Huenda figo zimeathirika.

Kwa sababu hizo, napendekeza krimu ya dawa 3 isitolewe tena kwa neno "vipele" peke yake, na dawa rahisi ya impetigo isikosekane kwenye zahanati za milimani. Tukitimiza la kwanza bila la pili, tutakuwa tumemnyang'anya mama wa Shighatini tyubu yake bila kumpa tiba.