Kibla Haina Bili ya Kila Mwezi



Kuna malalamiko tunayasikia sana siku hizi tukikaa barazani baada ya swala. Kijana anapakua apu ya nyakati za swala au ya Qur'ani. Anaambiwa ajaribu siku 7 bure. Siku ya 8 pesa inakatwa, na mwezi ujao tena. Akibaki na ile ya bure, tangazo la kamari linamrukia katikati ya kisomo. Akikasirika anaifuta kwenye simu, kumbe kukatwa kunaendelea.

Wengine watasema, kwani lazima? Si asubiri adhana ya msikitini? Anayesema hivyo hajui maisha ya huku kwetu. Ukiwa shambani Endebess, au umempeleka abiria Chwele kwa boda, adhana huisikii. Na ratiba ya Mombasa haikufai, kwa sababu jua la Kitale na Bungoma huchelewa kwa wastani wa dakika 20 hivi nyuma ya la Mombasa. Ukifungua Ramadhani kwa adhana ya redio ya Pwani, umefungua jua bado liko. Kwa hivyo kwa Waislamu wa huku, walio wachache na waliotawanyika, simu imekuwa muadhini. Ndiyo maana suala hili si dogo.

Tuseme ukweli: aliyetengeneza apu ana haki ya kulipwa jasho lake. Hatudai vya bure. Tunachokataa ni kukatwa bila ridhaa. Biashara katika dini yetu inasimama juu ya kuridhiana, na Qur'ani ina sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyobeba jina la wanaopunja vipimo. Kuandika neno "bure" kwa herufi kubwa na masharti ya kukatwa kwa herufi za mchwa, hiyo ni mizani iliyopinda. Chukua mfano wa shilingi 150 kwa mwezi. Unaona ni kidogo, lakini kwa mwaka ni 1,800.

Na "bure" yenyewe ina bei yake. Novemba 2020 ilifichuka kwamba Muslim Pro, apu ya swala inayotumiwa na mamilioni ya Waislamu duniani, ilikuwa ikipeleka data za mahali watumiaji walipo kwa kampuni ya Marekani iitwayo X-Mode, ambayo wateja wake walikuwemo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Baada ya kelele, Muslim Pro ilitangaza kuvunja uhusiano huo. Januari 2024 shirika la serikali ya Marekani la biashara, FTC, likaipiga X-Mode marufuku kuuza data nyeti za mahali watu walipo, zikiwemo za nyumba za ibada. Hebu fikiria: unatafuta kibla ili umuelekee Mola wako, na huku simu inamwambia mtu mwingine umesimama wapi.

Sasa, sisi si watu wasio na kinga. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata maelezo anayohitaji na kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Kifungu cha 31 kinalinda faragha. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inamtaka anayeuza mtandaoni amueleze mteja masharti kabla ya mkataba, na ampe nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na haikai kabatini tu. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza Mulla Pride, kampuni ya apu za mikopo, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia vibaya data za watu. Hilo lilitokea kwa sababu wananchi wa kawaida walilalamika.

Basi tufanye nini?

Kwanza, leo hii fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia kwenye sehemu ya malipo na usajili, uone unalipia nini. Usichokitaka kikatishe hapo hapo. Kufuta apu pekee hakusimamishi malipo. Halafu kwenye mipangilio ya simu angalia ni apu gani zinajua ulipo, na uzizime zisizohitaji.

Pili, ukikatwa usichokubali, piga picha ya skrini, tunza ujumbe wa M-Pesa, na ulalamike kwa kampuni kwa maandishi. Wakikupuuza, peleka kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Kama ni data, peleka kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Usiseme ni shilingi 150 tu. Wanategemea useme hivyo.

Tatu, na hili ni letu sote, tuache kukodi tunachoweza kumiliki. Quran.com ni bure na haina matangazo. Nyakati za swala zinafuata jua, na jua linarudia mzunguko wake kila mwaka. Ratiba moja ya miezi 12 ya Kitale na moja ya Bungoma, ikikaguliwa na maimamu wetu, itatumika miaka na miaka. Kibla cha huku ni kaskazini, kidogo kuelekea mashariki, na hakitabadilika mwezi ujao. Vijana mnaojua kompyuta mko, maimamu wako, mashine za kuchapa ziko mjini. Karatasi moja ukutani na picha moja ya WhatsApp inamtosha kijana wa Kiminini hata akiwa hana bando.

Ijumaa hii, baada ya swala, muulize imamu wako: ratiba yetu wenyewe iko wapi? Kama haipo, jitolee kuianza. Allah atutakabalie.