Chuo cha Rangwe na Chuo Chetu

Sisi watu wa pwani neno "chuo" tulikuwa nalo zamani, kabla serikali yoyote haijalitia katika orodha zake. Chuo kwetu ni kitabu. Na chuo ni pale mtoto anapopelekwa akiwa na miaka mitano au sita akaanze alifu kwa ujiti. Mwenye ilimu tukamwita mwanachuoni, wala hatukumuuliza cheti chake kakitoa wapi. Siku hizi neno limepanuka. Ukimwambia kijana "chuo", yeye hufikiri ualimu, ufundi, au chuo kikuu. Si vibaya, lakini katika kupanuka huko kuna jambo ambalo limetupita, na leo nataka kulieleza kwa mfano wa mahali mbali sana na bahari yetu.

Mahali penyewe paitwa Asumbi, katika Rangwe, Kaunti ya Homa Bay, upande wa kusini wa ile ghuba ya Ziwa Victoria iitwayo Winam. Msomaji wa Lamu au wa Vanga huenda hajapata kulisikia jina hilo, na huku huenda amesomeshwa nalo. Maana hapo Asumbi pana chuo cha waalimu wa skuli za msingi, chini ya ufadhili wa Kanisa Katoliki, na waalimu waliotoka vyuo vya Nyanza wametapakaa nchi hii yote, hata huku kwetu.

Mapadri wa Mill Hill ndio walioanza misheni hiyo, mwanzoni mwa karne ya 20. Ukitazama tarehe utashangaa. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Rabai akajenga kituo mwaka 1846. Freretown ilianzishwa mwaka 1875. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 tu, na wamishenari wakaja nyuma yake: Wakatoliki Ojola, Waanglikana Maseno mwaka 1906, na mwaka huo huo Wasabato Gendia, ambayo nayo iko Homa Bay. Yaani kazi ya misheni ilianzia mlangoni petu, nusu karne na zaidi kabla ya kufika ziwani, lakini bara ndiko skuli zilikoota mizizi. Sababu twaijua. Wazee wetu walikuwa na dini yao na chuo chao, na skuli ya misheni waliiona kuwa ni mtego wa kuwatoa watoto katika Uislamu.

Wala hawakuwa wakiota ndoto. Karibu na Kendu Bay, jirani ya Rangwe, aliishi Hussein Onyango, Mwislamu, babu yake Barack Obama aliyekuwa Rais wa Marekani. Mwanawe alisoma skuli ya Gendia, kisha Ng'iya, kisha Maseno, zote za misheni, na dini ya babake akaiacha. Basi hofu ya wazee ilikuwa na msingi. (Na kwa kuwa nimeitaja Kendu Bay, tusidhani ya kuwa kule hakuna ndugu zetu: pana msikiti, na adhana husikika ziwani kama isikikavyo Kilindini.)

Lakini hofu huzuia mtu asiingie nyumba ya mwenzake, haimjengei yake. Hapo ndipo penye maneno yangu ya leo.

Nimepata kufika huko. Ni nchi ya vilima, mahindi na miwa, na misheni yenyewe ni kama mji mdogo: kanisa, nyumba za masista Wafransisko, skuli za bweni za watoto, skuli ya sekondari ya wasichana, na chuo cha waalimu. Mtu wa mjini angepapita asigeuze shingo. Majengo si ya kutisha. Kama maendeleo ya chuo hupimwa kwa ghorofa, Mombasa tumewashinda zamani. Lakini chuo cha waalimu hakipimwi hivyo. Hupimwa kwa waliotoka humo wakaenda kufundisha, na kwa waliofundishwa na hao.

Katika skuli nilikosoma mimi, miaka ya 1970 kuishia, tulikuwa na mwalimu mmoja Mjaluo kutoka Nyanza Kusini, kama wilaya ile ilivyoitwa wakati huo. Kiswahili chake tulikicheka, nasi tukamfundisha bila ya kukusudia. Mtu huyu alikuwa akifundisha hesabu asubuhi, Kiingereza saa nne, kilimo adhuhuri, na jioni akitupanga kuimba kwa do re mi kama kwaya, sisi watoto wa maulidi! Kila siku alikuja na daftari mbili. Moja ina azimio la kazi, yaani nini kitafundishwa wiki gani mpaka mwisho wa muhula. Ya pili ina andalio la somo, dakika kwa dakika. Mtoto akishindwa kuelewa, alikuwa na njia ya pili, na ya tatu. Sikuijua wakati ule, lakini hiyo ndiyo kazi ya chuo cha ualimu: kumchukua kijana wa kawaida, asiye na kipaji chochote cha ajabu, na kumfanya aweze kumfundisha mtoto wa kawaida.

Jioni hiyo hiyo nilikwenda chuoni kwa maalim wangu. Ilimu yake ilikuwa bahari. Nilikhitimu juzuu 30 mbele yake, na kila nikisoma namwombea rehema. Lakini maalim hakuwa na azimio wala andalio, hakuna aliyempa. Alifundisha kama alivyofundishwa, bakora ikiwa karibu, na riziki yake ilikuwa ada ya Alhamisi, fungu la hitima, na kuvua samaki. Alipofariki, chuo kilifungwa. Mwanawe alikuwa kuli bandarini na hakutaka kazi ya babake, nani atamlaumu?

Hiyo ndiyo tofauti, na sitaki mtu anielewe vibaya. Sisemi kwamba ilimu ya kanisa ni bora kuliko yetu. Sisi tuna silsila na ijaza, mwalimu kwa mwalimu mpaka kwa maimamu, jambo ambalo wengine hawana. Riyadha ya Lamu, aliyoiasisi Habib Swaleh karibu na mwaka 1900, imetoa masheikh waliofika kila pembe ya Afrika Mashariki. Lakini Riyadha ni moja, na walio wengi katika maalim zetu hawakupita hapo wala popote pa mfano wake. Misheni walifanya jambo jingine. Tangu mwanzo walikuwa na skuli ndogo za vijijini zilizoendeshwa na makatekista, na wakaona haraka kwamba skuli mia haziwezi kuwa na padri mmoja mmoja. Basi wakaweka mahali pa kutengeneza waalimu. Ni hesabu ya sokoni, haina muujiza ndani yake.

Baada ya uhuru vyuo hivi vya misheni vilikuwa vingi na vidogo, na serikali katika miaka ya 1960 ikavipunguza kwa kuviunganisha. Asumbi ikabaki. Tume ya Waajiri wa Walimu, TSC, ilianza kazi mwaka 1967. Mwalimu akawa mwajiriwa wa taifa mwenye mshahara na pensheni, hata yule aliyefunzwa na mapadri. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikalifanya kanisa kuwa "mfadhili". Mishahara hailipi, mitaala hautungi, lakini lina kiti katika bodi, lina sauti katika malezi ya dini, na ardhi na jina vina historia yake. Sheria ya mwaka 2013 imeendeleza mpango huo. Hivyo chuo kikawa cha serikali kikakua kwa fedha ya serikali, na wenyewe walioanza hawakuondoka mlangoni.

Sasa linganisheni na letu. Mombasa palijengwa chuo cha Waislamu, MIOME, kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na wengine, na wanafunzi wa mwanzo wakaingia mwaka 1951. Kilikuwa cha ufundi, kizuri, na vijana wetu wengi walipata mkate kwacho. Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, mwaka 1972 kikawa Politekniki, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Kimekua, tena kimekua kuliko Asumbi mara nyingi! Kufunguliwa kwa watu wote lilikuwa jambo la haki katika nchi huru. Lakini ulizeni leo vijana wanaopita Tudor kama wanajua kwamba pale palianzwa na Waislamu. Cha Rangwe kimekua na wenyewe. Cha Tudor kimekua, wenyewe wakabaki nje wakikitazama.

Najua kuna msomaji atakayesema: ufadhili huo huo ndio unaotubana. Kweli. Mwezi wa Januari 2019 Mahakama ya Juu ilitengua hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya mwaka 2016, ambayo ilikuwa imewaruhusu wasichana Waislamu kuvaa hijabu katika skuli moja ya Isiolo inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Jambo hilo liliuma, na lauma bado. Lakini dawa yake si kulalamikia nguvu ya mfadhili tu. Sheria ile haikusema mfadhili awe kanisa. Msikiti waweza kuwa mfadhili. Je, ni skuli ngapi za umma, au vyuo vingapi vya waalimu, ambavyo misikiti yetu imeomba kuvifadhili na kuvisimamia?

Wala nisiwapambe wa Asumbi kupita kiasi. Hata wao wamo taabuni. Mwaka 2021 serikali iliacha cheti cha zamani cha P1 kilichochukua miaka miwili, na badala yake ikaleta diploma inayofuata mtaala mpya wa umilisi. Alama za kuingilia zilipandishwa, na vyuo vingi vya ualimu nchini vikabaki na wanafunzi wachache sana kuliko vitanda. Na huku waalimu waliosajiliwa wasio na kazi wametajwa kuwa zaidi ya 300,000. Mzazi wa Rangwe aliyeuza ng'ombe ili mwanawe awe mwalimu ana haki ya kuuliza ng'ombe wake kaenda wapi. Lakini kwa maoni yangu kuinua kiwango lilikuwa jambo jema, ingawa lilifanywa kwa pupa. Mwalimu wa msingi ndiye anayeshika mkono wa mtoto wa kwanza kuandika. Haifai ualimu uwe kimbilio la aliyekosa pengine.

Kwetu pwani yapo mambo mawili ambayo hayahitaji kungoja Nairobi.

La kwanza, tunavyo vyuo vya waalimu vya serikali, Shanzu na Kwale. Masomo ya dini ya Kiislamu yamo katika mtaala wa skuli, na mwalimu wake hupatikana kwa shida. Kamati ya msikiti mmoja mkubwa, ikiweka kando sehemu ya sadaka za Ramadhani, yaweza kumlipia karo kijana mmoja, mwaka baada ya mwaka. Na Tume ya Wakfu, iliyo hapa hapa Mombasa, ina mali zilizowekwa na wazee kwa ajili ya kheri. Kuna kheri gani iliyo kubwa kuliko kumlea mwalimu?

La pili ni chuo chenyewe, cha alifu kwa ujiti. Hapa hatuanzi sifuri. Mwaka 1986 ulianza Mombasa mpango wa madrasa za watoto wadogo, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan na kwa juhudi za Bi Swafiya Said, na wanawake wa mitaani wakafunzwa kazi ya kufundisha kwa vifaa vya nazi, makuti na makombe ya pwani. Zanzibar wakaufuata mwaka 1990, Uganda mwaka 1993. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeandika katika Al-Islah tangu mwaka 1932, alikuwa akitugombeza jambo hili hili: tusome, tuwasomeshe na wasichana, tusikae na fahari ya jana. Kilichobaki ni maalim wa madrasa kubwa, yule wa juzuu 30, naye apate mahali pa kujifunza azimio na andalio, na baadaye apate ujira usiotegemea Alhamisi.

Nimeambiwa kamati nyingi za misikiti hukutana baada ya Idi kugawa kilichobaki. Kwa kawaida mazungumzo huwa ni mnara, zulia, na vipaza sauti. Mwaka huu mmoja wenu na ainue mkono aulize karo ya Shanzu ni kiasi gani.