Elimu Hii Si ya Wageni

Msomaji, nimeisikia mara nyingi hapa Mikinduri kauli ya kwamba elimu ya mionzi ni ya nchi tajiri, nasi yatutosha kujua kuandika barua na kuhesabu fedha. Nakusihi usiikubali.

Mfikirie mtu aumwaye tumbo. Mwezi huu huambiwa ana amiba, mwezi ujao homa ya matumbo. Hunywa dawa, lakini kuhara damu hakukomi, na mwili wazidi kukonda. Huenda ana ugonjwa wa Crohn, ambao madaktari wa New York waliueleza mwaka 1932. Utumbo huvimba na kufanya vidonda. Ukichelewa kutambuliwa, waweza kuziba hata mgonjwa akapasuliwa.

Uvimbe huo wa ndani waweza kupelelezwa. Daktari hutoa chembe nyeupe za damu ya mgonjwa, huzitia teknishiamu kidogo yenye mionzi, kisha huzirudisha mwilini. Chembe hizo hukimbilia penye uvimbe, na kamera huonyesha zilipokusanyika. Njia hii haiondoi haja ya kuuchungulia utumbo na kupima kipande chake, lakini huonyesha pa kutazama. Wataalamu wangali wanatafuta vipelelezi vingine vya kuufichua ugonjwa mapema zaidi.

Ujuzi huu ulianzia wapi? Mwaka 1923 George de Hevesy aliinywesha mimea ya jamii ya maharage maji yenye risasi ya mionzi, akaifuata safari yake toka mizizini hata majanini. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943 ikawa yake. Maharage tunayo mashambani. Tukose udadisi kwa nini?

Utasema, tutanunua kwa wenzetu. Hapo ndipo hoja inapovunjika. Florini-18, kipelelezi kingine cha uvimbe, hupoteza nusu ya nguvu zake kila dakika 110. Chupa ikitoka Nairobi, ambako mashine za kuitengeneza zipo, ikakaa njiani saa sita, itafika Mikinduri na sehemu moja tu katika kumi ya nguvu zake. Kitu kama hiki hakiwekwi ghalani kama mahindi. Sharti kitengenezwe karibu na mgonjwa, na watengenezaji wawe watu wa karibu naye.

Basi uingiapo darasa la fizikia au kemia, usiulize somo hili ni la nani. Ni lako, na la mgonjwa anayekungoja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na katika jambo hili, hufa mgonjwa.