Tahadhari: Daftari la Mbolea Si Hesabu ya Kaya za Kilimo

Kila halmashauri inapoanza kuandaa mipango na bajeti, maofisa huvutiwa na njia moja ya mkato: kuchukua orodha ya wakulima waliojisajili kupata mbolea ya ruzuku na kuimimina kwenye safu ya "kaya za kilimo". Orodha ipo tayari, ina majina na namba za simu, na haimlazimu mtu kupanda pikipiki kwenda kijijini. Msifanye hivyo. Na aliyekwisha kufanya aifute leo, kabla jedwali halijapanda mkoani. Likishafika huko litanakiliwa mwaka hadi mwaka, wala hakuna atakayeuliza lilitoka wapi.

Sensa ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi ya 2019/20 ilipata kaya za kilimo zipatazo milioni 7.8, takriban asilimia 65 ya kaya zote nchini. Namba hiyo haikuokotwa. Katika sensa zetu, kaya huhesabika kuwa ya kilimo ikiwa katika mwaka wa kilimo ilikuwa na angalau mita za mraba 25 za ardhi ya kulima, au ng'ombe mmoja, au mbuzi, kondoo au nguruwe watano, au kuku, bata au bata mzinga 50.

Kipimo hicho kina ukali wake. Mita za mraba 25 ni tano kwa tano, kwa hiyo matuta machache ya mchicha nyuma ya nyumba huko Mbagala yanaiingiza kaya. Mjane asiye na shamba, mwenye mbuzi wanne na kuku 49, yuko nje. Kibarua anayelima mashamba ya watu msimu mzima naye yuko nje. Unaweza kulalamika (mimi hao kuku 50 bado wananitatiza), lakini kipimo kimeandikwa, na karani wa Newala anakitumia sawasawa na wa Ngara.

Daftari la ruzuku halina kipimo cha namna hiyo, wala halikuundwa kwa kazi hiyo. Usajili wa msimu wa 2022/23 ulilenga mkulima aweze kununua mbolea kwa wakala kwa bei nafuu, hivyo kinachoandikwa ni mtu na eka zake. Na jina likishakuwa mfuko wa mbolea, watu hujiandikisha kwa akili.

Tuseme boma moja la kawaida tu. Mzee ana wake wawili, kila mmoja na jiko lake na ghala lake. Kijana wao mkubwa ameoa na kujenga palepale uani, ila mkewe bado anapika chungu kimoja na mama mkwe. Mzee kajiandikisha, wake wote wawili wamejiandikisha, kijana naye hakubaki nyuma: majina manne. Karani wa sensa, anayefuata wanaoishi pamoja na kula pamoja, ataondoka na kaya mbili. FAO nayo, katika sensa za kilimo duniani, huhesabu ardhi na mifugo iliyo chini ya usimamizi mmoja. Ikiwa kijana anajiamulia mambo ya shamba lake, huenda zikapatikana tatu. Kila jibu lina swali lake. Hatari ni kuiandika nne mahali palipoulizwa mbili.

Madhara yanakuja kwenye kugawanya. Chukua kijiji cha mfano chenye kaya 400 na mavuno ya gunia 6,000 za mahindi: kila kaya ina wastani wa gunia 15. Weka majina 700 badala yake, wastani unashuka hadi nane na ushee, na kijiji chenye chakula kinaonekana kina njaa. Kwingineko mambo hugeuka. Mkulima wa mihogo na minazi Mkuranga asiyenunua mbolea hana sababu ya kujiandikisha, wala mfugaji asiyelima. Kwenye jedwali hilo hawapo kabisa, na mgawo wa maofisa ugani utawapita. Usisahau pia bwana anayeishi Kimara na shamba lake liko Kilosa: jina lake limo daftarini, kaya yake haimo kijijini.

Mtendaji wa kijiji anayetakiwa kupeleka idadi ya kaya wiki hii akae na wenyeviti wa vitongoji, wayapange majina kwa kufuata jiko, waongeze wasiojisajili wanaofikia kipimo, kisha waandike tarehe na kipimo walichotumia juu ya karatasi. Kama muda hautoshi, apeleke orodha ileile ikiwa na kichwa chake halisi: "wakulima waliosajiliwa kwa ruzuku". Nanyi waandishi wa habari, mkisomewa ongezeko kubwa la "kaya za kilimo" ndani ya mwaka mmoja, ulizeni kwanza zilihesabiwa kaya au majina. Halmashauri ambayo jedwali lake limekwisha kuondoka iandike barua ya masahihisho yenye namba ya zamani na mpya pamoja, na nakala iende kwa kila ofisi iliyopokea ile ya kwanza.