Kosa la Mtoto na Kalamu Nyekundu

Mwanafunzi anayesomea ualimu wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya hukutana na jina la Jean Piaget mapema, katika kozi ya saikolojia ya elimu. Hukariri hatua nne za ukuaji wa fikra za mtoto pamoja na miaka ya kila hatua, akaziandika katika karatasi ya mtihani, kisha akazisahau. Aendapo shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, hushika kalamu nyekundu na kuanza kuhesabu makosa ya ngeli. Haimpitikii kamwe kwamba nadharia aliyoikariri ilizaliwa na mtu aliyechoka kuhesabu.

Piaget, aliyezaliwa Uswisi mwaka 1896, alifika Paris mwaka 1919. Huko alipewa kazi na Théodore Simon, ambaye pamoja na Alfred Binet alikuwa ametoa kipimo cha akili cha mwaka 1905. Kazi yenyewe ilikuwa kavu: kuwapa watoto wa Paris maswali ya kufikiri yaliyotungwa Uingereza na Cyril Burt, na kuweka rekodi ya waliopata na waliokosa. Kilichomvutia kijana huyo ni majibu yaliyokosewa. Watoto wa umri mmoja walikosea kwa namna moja, na watoto wakubwa kidogo walikosea kwa namna nyingine. Makosa yalikuwa na utaratibu. Akaacha kuhesabu, akaanza kuwauliza watoto wamefikaje pale walipofika. Kitabu chake cha kwanza kuhusu lugha na fikra za mtoto, kilichotoka mwaka 1923, kilitokana na mazoea hayo ya kusikiliza. Hatua nne zinazokaririwa leo ni matunda tu, na mti wenyewe ni kule kusikiliza.

Kwa mujibu wa Piaget, mtoto hulipokea jambo jipya kwa kulitia katika mpango wa fikra alio nao tayari, na mpango ule unaposhindwa kulibeba, huubadilisha. Je, mwalimu wa Kiswahili anahitaji mfano ulio bora kuliko wingi wa nomino? Mtoto aliyezoea ukuta na kuta anapoulizwa wingi wa ulimi, akajibu 'limi', amekosa ndimi, ni kweli. Hata hivyo amekwisha kugundua kwamba kuna kundi la nomino ambazo hudondosha u- katika wingi, na hakuna aliyemfundisha kanuni hiyo kwa maneno. Kadhalika anayemwita mwenzake kwa kusema 'kuja!' anafuata njia ya soma, cheza na lala, njia ambayo lugha yenyewe imeiacha katika njoo. Alama ya mkasi katika daftari haitofautishi kosa la namna hiyo na jibu la mtoto aliyekuwa akibahatisha.

Aidha, anachokifanya mtoto ndicho walichokifanya wazee wa lugha. Katika Kiarabu, ki- ya kitabu si kiambishi hata kidogo. Konsonanti yake ni sehemu ya mzizi wa neno. Waswahili waliisikia kwa masikio ya ngeli ya KI-VI, wakapata vitabu. Watanzania nao walipokutana na kibao cha Kiingereza kilichowaamuru madereva kupita kushoto, walikipa mzunguko wa barabara jina la kipilefti, na wingi wake vipilefti. Haya hufundishwa katika somo la isimu kama ushahidi wa uhai wa Kiswahili. Mtoto wa darasa la tatu afanyapo vivyo hivyo, huambiwa hana bidii.

Utafiti wa Kamil Ud Deen kuhusu watoto wadogo wanaojifunza Kiswahili jijini Nairobi, uliochapishwa kama kitabu mwaka 2005, unatia nguvu hoja hii. Watoto hao huacha viambishi vya nafsi na vya njeo mara nyingi, lakini ni nadra kwao kutumia kiambishi kimoja mahali pa kingine. Zaidi ya hayo, watu wazima wanaowazunguka nao huviacha wakati mwingine. Hapa pana onyo kwa wapenzi wa Piaget. Si kila kosa ni tunda la mtoto mwenyewe. Anayesema 'kitabu hii' huenda anaisema lugha ya nyumbani na ya mtaani mwake kwa usahihi kamili, na dawa yake ni tofauti na ya yule wa 'limi'. Mwalimu asiyeuliza hawezi kujua yuko mbele ya yupi.

Wapo watakaosema kwamba kulielewa kosa ni kulilea, na kwamba Kiswahili sanifu kitaangamia. Hofu hiyo ingekuwa na uzito kama nadharia ingeishia kwa Piaget, ambaye aghalabu husomwa kana kwamba alitaka mtoto aachwe mpaka akomae. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyezaliwa mwaka uleule wa 1896 na kufariki mwaka 1934, alisisitiza pengo lililopo kati ya kile mtoto anachokiweza peke yake na kile anachokiweza akisaidiwa. Ndani ya pengo hilo ndimo mafundisho hufaa. Mtoto wa 'limi' yumo humo tayari: akiwekewa ulimi na ndimi kando ya uso na nyuso, atatambua kwamba kundi lake lina matawi. Ukumbi wa vitendawili uliyajua haya zamani. Aliyeshindwa hutoa mji, hupewa jibu, na kesho yake hulitega fumbo lilelile kwa wenzake.

Kalamu nyekundu isiyouliza humfunza mtoto jambo moja tu, nalo ni kujificha. Insha zake huwa fupi, nomino zake huwa zilezile tano alizo na hakika nazo, na mwalimu humsifu kwa usafi wa daftari. Idara za Kiswahili zingeweza kuanza na badiliko dogo: badala ya kumtaka mwanafunzi wa ualimu ataje hatua nne, zimtake alete kutoka mazoezini makosa kumi ya watoto, na kando ya kila kosa, maneno ya mtoto mwenyewe alipoulizwa kwa nini ameandika hivyo.