Jibu la Hapana

Tangu tutangaze kwamba toleo hili litahusu barua za daktari wa upasuaji Denis Burkitt, malalamiko hayajakatika. Msomaji mmoja anauliza kama hatujachoka kuwapamba madaktari wa Kizungu. Mwingine, daktari mstaafu, ametushauri tuchape barua za kazi peke yake; za mke wa Burkitt na zenye habari za sala tuwaachie wajukuu. Wa kwanza namwelewa. Wa pili ameniudhi, nami nitamjibu kwa kirefu, kwa kuwa kiti hiki cha mhariri hakina marupurupu mengine.

Habari ya hospitali ya Mulago, Kampala, mnaijua: mwaka 1957, daktari mwenzake Hugh Trowell akimwita Burkitt aje amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto, kisha, wiki chache baadaye, Burkitt yuko Jinja, anatupa jicho dirishani na kumwona mtoto mwingine ameketi majanini na mamaye, na uvimbe uleule. Wasimulizi hufika hapo, wakarukia London, kwa mtafiti Epstein na darubini yake, kirusi kinachohusishwa na saratani hiyo kikaonekana mwaka 1964, hadithi ikaisha. Katikati wanairuka posta. Mimi naona kazi yenyewe ilifanyikia posta.

Burkitt alipewa pauni 25 za utafiti. Kwa fedha hizo hupati maabara, wala hupati msaidizi. Alichopata ni karatasi zenye picha za watoto wenye uvimbe, bahasha na stempu. Akazituma kwa hospitali za serikali na za misheni barani, na swali ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeona aibu kuliuliza: je, mmewahi kuona kitu kama hiki? Majibu yakarudi, naye akayageuza kuwa pini kwenye ramani.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami. Sote tunazisifu pini. Lakini pini zilizoonyesha ugonjwa ulipo zisingesema lolote kama hazingezungukwa na mahali ambapo watu walipekua, wakakosa, wakaandika: hapana, hatujauona. Bila hapana hizo, doa tupu kwenye ramani lingeweza kuwa na maana tatu: ugonjwa haupo, au daktari hayupo, au daktari yupo ila barua imelala chini ya rundo mezani pake. Jibu la hapana ndilo lililozitenganisha maana hizo. Ndilo lililouchora ukingo wa ule mkanda unaokatiza Afrika ya kati, wenye mkia unaoshuka mashariki hadi Msumbiji. Na ndilo lililomfanya Burkitt, mnamo Oktoba 1961, apakie gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250, yeye na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, wakaenda maili 10,000 kwa wiki kama kumi, hospitali baada ya hospitali, kutafuta ukingo huo uko wapi hasa. Karibu na Ikweta waliukuta kwenye mwinuko wa futi 5,000 hivi. Kadiri ulivyozidi kwenda kusini, ukingo ukawa unateremka. Kilichokuwa kikiupanga ugonjwa, basi, ni joto na mvua, na nyuma ya joto na mvua yuko mbu. Tunapozungumza leo juu ya malaria na kirusi cha Epstein-Barr kushirikiana katika mwili wa mtoto, tunazungumza juu ya mawazo yaliyoanza kwa watu kukiri kwamba hawajaona kitu.

Sasa niulize: hapana hiyo ilitoka kwa nani? Iliwekwa sahihi na daktari, sawa. Lakini daktari wa misheni aliyefika kituoni juzi angejuaje kwamba kwa miaka kumi hakuna mtoto wa namna hiyo aliyepita pale? Ilimpasa aulize. Wa kuulizwa walikuwepo: dresa aliyesafisha vidonda tangu kabla ya vita, muuguzi wa wodi ya watoto, karani aliyeandika rejesta kwa mwandiko wa kulala. Majina yao hayamo kwenye bahasha. Ndiyo maana namwambia msomaji wangu wa kwanza kwamba toleo hili si la Burkitt. Ni la waliomjibu, na la waliowajibia hao waliomjibu.

Kuhusu kugundua, naomba tulitumie neno hilo kwa kiasi. Albert Cook alifungua hospitali ya Mengo mwaka 1897, na uvimbe wa taya za watoto umo katika kumbukumbu za hospitali hiyo tangu miaka ya mwanzo wa karne iliyopita. Umo kwa sababu Mengo waliandika, na waliokuja baadaye hawakutupa. Wazazi nao walikuwa wameuona kabla ya Cook. Sifa ya Burkitt, nayo ni kubwa, ni kuuliza watu wengi swali moja.

Nirudi kwa mstaafu wetu na mkasi wake. Burkitt alikuwa mtu wa dini waziwazi, na Williams alikuwa daktari wa misheni kule Kuluva, West Nile. Daktari aliye peke yake porini, mwenye wagonjwa mia mlangoni, ana sababu gani ya kujibu fomu ya mtu wa Kampala asiyemlipa? Wengi walijibu kwa kuwa aliyeuliza walimwona ndugu katika imani. Ukizitoa sala, umetoa nauli iliyozisafirisha takwimu. Baada ya kuondoka Uganda mwaka 1966 Burkitt aliendelea kuziandikia hospitali za misheni kutoka London, safari hii akiuliza juu ya kidole tumbo na maradhi ya utumbo, na kutoka huko ikazuka ile hoja yake ya nyuzinyuzi katika chakula. Hoja hiyo imepingwa na kurekebishwa, na makala ya tatu inaipinga vizuri. Lakini mtandao wa barua ulikuwa uleule. Nani atanionyesha mstari unaotenga binafsi na kazi?

Makala nyingine mtazisoma wenyewe. Ya kwanza inahusu picha za watoto wale, na ruhusa ambayo hatujui kama mama zao waliombwa; isomwe na kila anayefundisha. Ya pili ni ya gharama za posta, kavu kidogo ila sahihi. Muuguzi mstaafu anakumbuka zamu za usiku, na kurasa zake sita ningezibadilisha na utangulizi huu kama wenzangu wangeniruhusu.

Neno la mwisho ni la nyumbani. Karatasi za Burkitt zimetunzwa London, anayezitaka anajua pa kwenda. Za waliomjibu je? Miaka michache iliyopita, nje ya hospitali moja ya bara ambayo sitaitaja, nilinunua karanga. Zilifungwa kwa karatasi yenye mistari ya rangi nyekundu na safu za wino wa bluu: tarehe, umri, kijiji, ugonjwa. Mwuza karanga aliniambia karatasi hizo zilikuwa zikitupwa nyuma ya stoo, naye hakuona kosa kuziokota. Na kweli, kosa halikuwa lake.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Aliye na ufunguo wa stoo ya hospitali yoyote ya zamani, aingie atazame kama rejesta za miaka ya 1950 na 1960 zipo, atuandikie ni za wodi gani na za miaka gani. Aliyepekua akakosa, naye atuandikie hivyohivyo. Tumeshatundika ramani ukutani, na pini tumenunua za rangi mbili.