Ujiji haikuanza chini ya mwembe

Mgeni akishuka stesheni ya Kigoma, safari ya kwanza anayopangiwa ni ya Ujiji, kilometa chache kusini, kwenye makumbusho ya Livingstone. Anaonyeshwa miembe, anasimuliwa jinsi Henry Morton Stanley alivyomkuta David Livingstone chini ya mwembe Novemba 1871, anapiga picha na kuondoka. Gungu, Mwanga, Buzebazeba na Kibirizi zinabaki kwake majina ya vituo vya daladala tu.

Mji huu unapunjwa. Ujiji ilikuwa mji wenye soko kabla Stanley hajasikika popote. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Februari 1858, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikwishapazoea, na hongo, yaani ushuru wa kupita, ililipwa kwa watawala wenyeji. Kitabu alichokitoa Burton mwaka 1860 kinataja Gungu na Kawele, kwa hiyo Gungu, kata ambayo leo watu huiona kama mtaa wa pembeni, ina jina lililoandikwa zaidi ya miaka 160 iliyopita. Sokoni Ujiji ziliuzwa chumvi ya Uvinza, mawese, samaki wakavu na pembe za ndovu, na ununuzi ulifanywa kwa shanga zilizoitwa sofi. Ule ulikuwa uchumi kamili, wenye fedha yake, kwenye ufukwe wa ziwa refu kuliko yote Afrika.

Watu nao waliuzwa. Hilo lisifichwe kwa kuogopa kuwachukiza watalii. Misafara ya kutoka Bagamoyo iliishia hapa, na wengi waliovushwa kutoka ng'ambo ya ziwa walivushwa wakiwa mateka. Wengine walivuka kama wapagazi au wafuasi wa wafanyabiashara. Wamanyema, ambao asili yao ni Kongo ya mashariki, ndio waliochangia sana kuifanya Ujiji mji wa Kiislamu unaoongea Kiswahili. Tangu 2006 njia ya misafara hiyo ya watumwa na pembe kutoka Bagamoyo imo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya Tanzania huko UNESCO, na Ujiji ndiyo kikomo chake. Mwinyi Kheri, aliyekuwa mkubwa wa mji na liwali wa Sultani wa Zanzibar, pamoja na Rumaliza, mshirika wa Tippu Tip, waliitawala biashara ya ziwa hili. Ni wangapi wanaosoma shule za Ujiji wanaoweza kueleza watu hawa walikuwa nani?

Hata siku ile ya mwembe inasimuliwa nusu. Aliyemkimbilia Stanley kumsalimu kabla hajamfikia Livingstone alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Yeye na mtumishi mwenzake Chuma, Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, waliongoza wenzao kuubeba mwili wake kwa miguu zaidi ya kilometa 1,500 hadi Bagamoyo. Wanastahili kusimuliwa kwa urefu uleule anaosimuliwa Stanley.

Kigoma nayo ina yake. Reli ya kati ilifika ufukweni mwaka 1914, na kwa reli hiyo ikaletwa vipande vipande meli ya Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani. Ilishushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, mitambo ikiwa imepakwa grisi, ili isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Vizazi vizima vya wasafiri wa mwambao huu vimepanda meli hiyo, na kumbukumbu zao ni historia kama zilivyo karatasi za Wajerumani. Aprili 1965 Che Guevara naye alivukia Kongo kutoka Kigoma. Mpita njia hatakuta kibao cha kumweleza hilo.

Makumbusho ya Livingstone yabaki, maana yanaleta wageni na yanalinda jambo lililotokea kweli. Kosa ni kuyaacha yabebe peke yake historia ya mji mzima. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022; reli hiyo ikikamilika, wageni wataongezeka, nao wataoneshwa kile tu tulichokiandaa.

Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji haihitaji mfadhili kuanza. Iweke vibao vya Kiswahili Gungu, bandarini, stesheni, mwaloni Kibirizi na kwenye misikiti ya zamani ya Ujiji. Iwatume walimu na wanafunzi kuwarekodi wazee wa Kimanyema, wa Kiha, wavuvi na mabaharia wa Liemba. Kazi hiyo ianze mwaka huu, kwa sababu wazee wanaojua nani alikaa wapi na soko lilihama lini wanazidi kupungua.